Matumbo ya Samaki wa Tanga

Mwanawetu hakuwahi kuiona bahari. Babu wa babu yake alitoka Mrima na msafara wa biashara, akafika Buganda, akaoa, na njia ya kurudi ikamtoka akilini. Wajukuu walibaki na majina ya pwani, na kanzu, na Kiswahili ambacho majirani wa Nakawa walikicheka kwa kuwa kilikuwa kirefu mno kwa mambo madogo. Bahari yenyewe Mwanawetu aliijua kwa matumbo ya samaki.

Mumewe, Uthman, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na kazi aliyojitwika ni kujua samaki wa pwani wanakula nini. Kila likizo alipanda treni mpaka Mombasa, akashika basi la Tanga, na kurudi na kasha la mbao lililojaa chupa. Chumba cha nyuma alikijaza rafu. Chini waliwekwa samaki wa mkokoni, kati wa kwenye majani ya bahari, na juu wale wa mwambani, kwenye matumbawe. Harufu ya fomalini ilipenya mpaka kwenye mapazia ya sebuleni, na wageni walipouliza, Mwanawetu alisema ni dawa ya mende.

Hawakujaliwa mtoto, na jioni zao zilikuwa ndefu. Macho ya Uthman yalipoanza kudhoofika, mkewe akawa anamsaidia. Alipasua tumbo kwa wembe, akakimimina kilichomo kwenye sahani ya kioo, akakitenga kwa kibanio, huku Uthman akiandika. Changu mchanga wa mkokoni alikutwa na uduvi. Changu huyo huyo akishakua na kuhamia mwambani, tumboni mwake mlikuwa na magamba ya kaa na mifupa ya samaki wenziwe. Pono alikuwa na unga mweupe wa matumbawe, kama mtu aliyekula chokaa. Tasi daima alikuwa na majani, majani matupu, hata Mwanawetu akampenda kwa usafi wake.

Mpaka siku aliyopasua tasi mmoja, akakuta kitu kingine.

"Mwalimu," alimwita, maana ndivyo alivyomwita tangu walipooana, "huyu ana nyama."

Uthman akaja, akainamia hadubini, akakaa hapo kitambo. Kisha akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Samaki yule alivuliwa karibu na mahali ambapo wachinjaji wa mji huosha matumbo ya ng'ombe.

"Vitabu vinasema tasi ni mla majani," alisema. "Na ni kweli, penye majani."

"Na pengine?"

"Pengine anakula anacholetewa, Bi Mwana. Samaki hachagui mahali pa kuzaliwa."

Alifurahi sana siku ile. Aliomba chai, akainywa amesimama, akawa anaeleza kwamba yeye haulizi tena samaki gani anakula nini. Anauliza samaki gani, mahali gani. Mwanawetu alimsikiliza huku akiosha mikono kwa limau.

Ulikuja mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mipaka ilifungwa, treni zikakatishwa safari, na yeyote aliyekuwa na jamaa Tanzania alijifunza kutolitaja jina la nchi hiyo. Kasha la mwisho lilikuwa limekwisha kufika stesheni. Uthman alilileta nyumbani kwa teksi mchana kweupe, na watu wakaliona, na juu yake limeandikwa TANGA kwa rangi nyeusi.

Walikuja baada ya sala ya alasiri. Walikuwa wanaume wenye mashati ya maua na miwani ya jua, pamoja na askari polisi mmoja mwenye sare, kijana mrefu mwenye mashavu ya kubonyea. Mkubwa wao aliingia chumba cha nyuma bila kuvua viatu. Alinyanyua chupa moja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii ni nini?"

"Tumbo la chafi," Uthman alisema.

"Na hii namba?"

"Mahali alipovuliwa. Hapo ni mkokoni, kusini ya mji."

"Mahali pa kufichia boti."

"Mahali pa samaki kula, bwana. Mimi nachunguza samaki wanakula nini."

Mkubwa yule akacheka, na wenzake wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. "Serikali inakulipa mshahara kujua samaki wa Tanzania wanakula nini?"

"Ndiyo," Uthman alisema. Hakuwa mtu wa kujua kunyamaza.

Walipasua chupa kadhaa sakafuni kutafuta walichokuwa wakikitafuta. Nyingine walimwamuru yule polisi azitoe kwenye rafu, na walipochoka wakamwambia aache. Yeye hakuziacha pale chini. Alizinyanyua mojamoja, akazirudisha juu ya meza kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mayai. Mwanawetu aliliona hilo, na baadaye hakujua kwa nini lilimkaa moyoni kuliko mengine.

"Tunakwenda kuzungumza kidogo," mkubwa alimwambia Mwanawetu. "Utapika chakula, utamkuta amerudi."

Uthman alikuwa mlangoni, mkono wa mtu umemshika shingoni. Alimgeukia mkewe kwa taabu. "Chupa ya chewa haikufungwa vizuri," alisema. "Ifunge, Bi Mwana, asije akakauka."

Gari likaondoka. Mwanawetu akarudi ndani, akaifunga chupa ya chewa. Kisha akapika, kama alivyoambiwa.

Hakurudi. Mwanawetu alizunguka ofisi hata walinzi wa milangoni wakamjua kwa sura. Mmoja alimwambia jina hilo hawanalo. Mwingine alimshauri asiulize sana, kwa sababu anayeuliza sana huonekana kama anajua. Ami yake Uthman, Maalim Umar, aliyesomesha Kurani Kawempe, alikuja na kukaa naye siku nyingi, akasoma Yasini kwa sauti ya chini, na kila gari lilipopunguza mwendo barabarani alinyamaza katikati ya aya.

Kwenye soko la Nakawa nako kulikuwa na maneno. Wanawake walisema kwamba mtu fulani wa Ggaba, kwenye ufukwe wa ziwa, alipasua samaki akakuta kidole chenye pete. Wengine walisema ni jino la dhahabu. Mtu mwenyewe hakuna aliyemjua, lakini wauza samaki walianza kukaa na beseni zao mpaka jioni, nzi wakitua na kuruka, na watu wakipita upande wa pili. Mwanawetu alipita nao upande wa pili.

Nyumba ikaanza kubadilika. Mwanzo ilikuwa harufu. Alasiri, saa ile ambayo Uthman alizoea kukaa kazini, fomalini ilinuka ghafla, kali, kama mtu aliyefungua chupa wakati huo huo. Mwanawetu alikwenda kutazama, akakuta vifuniko vyote vimekazwa. Halafu ukaja mlio. Ulikuwa mdogo, wa chuma kugusa kioo, ti, ti, kisha kimya cha mtu anayeandika, kisha ti tena. Alikaa sebuleni akiusikiliza, mikono mapajani. Akiinuka, ulikoma. Akikaa, ulirudi.

Alimweleza Maalim Umar. Yule mzee akafukiza udi kila pembe na kumwambia aziondoe zile chupa, azifukie shimoni nyuma ya nyumba. "Mizoga hiyo, mwanangu. Nyumba yenye mizoga haitulii."

"Akirudi akazikosa je, Ami?"

Mzee akazidi kupepea udi.

Kisha alasiri moja aliusikia ule mlio, akangoja ukome, na haukukoma. Akatazama chini. Alikuwa ameketi chumba cha nyuma, kwenye kiti cha mumewe, kibanio mkononi mwake mwenyewe, na mbele yake tumbo la samaki limefunguka na vilivyomo vimetengwa vizuri pembeni ya sahani. Hakukumbuka kuingia mle. Hakukumbuka kushika wembe. Kibanio hakukiweka chini. Tangu siku ile aliacha kujiuliza ni nani anayegonga kioo. Aliingia mwenyewe kila alasiri, akalifungua kasha la mwisho, akaendelea na kazi. Hapo angalau mikono ilijua la kufanya.

Ndipo yule polisi alipokuja.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Mwanawetu alisikia hodi ya mtu asiyetaka kusikika, akafungua, akamkuta amesimama barazani bila sare, shati limemganda mwilini. Alimtambua kwa yale mashavu.

"Mama, usiogope," alisema. "Iko mimi peke yangu."

"Nimekwisha kuogopa, afande. Ingia, unalowa."

Aliingia, akasimama karibu na mlango, hakutaka kiti. Alisema jina lake ni Ogwal, mtu wa Lango, kwao ni karibu na maji, na mama yake alimlea kwa samaki. Alizungumza Kiswahili cha kambini, cha kukatakata, na maneno yalimtoka kama mtu anayetembea juu ya mawe.

"Ile siku, mwalimu alisema yeye anajua samaki inakula nini. Mimi nilisikia. Sasa nataka kuuliza kitu moja."

"Mwalimu hayupo. Nyinyi ndio mnajua aliko."

"Nataka kuuliza wewe."

Mwanawetu akamtazama. "Uliza."

"Hii samaki yetu ya hapa. Hii ngege. Inakula nini?"

Mvua ilizidi juu ya mabati, naye ikabidi anyanyue sauti kidogo ili amalizie, jambo lililomtesa. Alikuwa na kaka, Santo, askari wa jeshi. Mwaka ule watu wa kwao waliitwa kwenye gwaride kwa majina, wakapandishwa lori. Ogwal hakujua lolote. Siku ile yeye alipangwa kulinda ufukwe, mahali ambapo lori hurudi nyuma mpaka majini. Walipoteremsha turubai aliona mguu, na mguu ule aliujua kwa kovu, kwa maana yeye ndiye aliyeukata kwa panga wakiwa watoto wakichanja kuni. Alisimama na bunduki yake. Hakusema neno. Wiki ile ile mkewe, Acan, alipika ngege aliyetoka Ggaba, naye alikula, maana Acan hakuwa amejua, na asiyekula angeulizwa kwa nini.

"Nilikula," Ogwal alisema. "Tangu hapo, kitu nakula yote inarudi. Acan anafikiri nimerogwa. Mama, wewe sema tu. Ngege inakula nini?"

Kichwani Mwanawetu alimwona yule tasi wa Tanga, mla majani, tumbo wazi chini ya hadubini, na akamsikia Uthman akisema anakula anacholetewa. Aliyajua maneno hayo kama anavyolijua jina lake. Alijua pia kwamba maji ya Ggaba ndiyo maji ya kila ufukwe wa ziwa hilo, na kwamba samaki haoni mipaka.

"Ngege ni mla ukoga," alisema. "Mdomo wake umeumbwa kukwangua mawe. Meno yake ni kama mswaki, hayakati nyama. Ukimtupia nyama anaipita."

"Na kama amekosa ukoga?"

Lilikuwa swali la mwanafunzi mzuri. Mwanawetu alihisi joto usoni.

"Ziwa hili halikosi ukoga," alisema. "Mwalimu amepasua maelfu. Mla majani ni mla majani."

Ogwal akashusha pumzi. Halafu akachuchumaa pale pale mlangoni, akajifunika uso kwa viganja, na mabega yakawa yanapanda na kushuka bila sauti. Mwanawetu alimwendea, akamwekea mkono kichwani, kwenye nywele zilizolowa, kichwa cha mmoja wa wale waliomchukua mumewe. Hakujua ni huruma au ni kutaka kukibonyeza. Aliuacha mkono pale.

Alipotulia, Mwanawetu alimuuliza. "Na mwalimu wangu?"

Ogwal aliinuka. Kupitia mlango uliokuwa wazi alitazama rafu za chumba cha nyuma, akatazama tena miguu yake.

"Huyo hakupelekwa majini," alisema. "Huyo tulizika. Kule juu, kwa msitu ya mikaratusi. Mimi mwenyewe nilishika jembe."

"Mlimlaza ubavu gani?"

Alisita. "Ile vizuri. Vile nyinyi huzika."

Mwanawetu akaelewa kwamba hajui swali lina maana gani. Akaelewa na zaidi ya hapo: yule mtu alikuwa akimpa kile kile alichopewa punde, na pengine alikuwa amejua alichopewa. Walisimama wakitazamana, mvua ikipungua. Angeweza kumbana. Angeweza kusema, niapie kwa mama yako.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

Siku ya pili alimwendea Maalim Umar na kumwambia mumewe amekufa, na amezikwa ardhini, na yeye anataka kukaa eda.

"Shahidi ni nani?" mzee aliuliza.

"Mtu aliyekuwapo."

"Unamwamini?"

"Ninamhitaji, Ami."

Maalim Umar aliufunga msahafu uliokuwa mapajani. Kisha akapiga hesabu, akasema kisheria sehemu ya eda imekwisha kupita tangu siku ya kuchukuliwa. Mwanawetu akakataa kupunguziwa. Alitaka kuikaa yote, tangu siku aliyosikia. Akavaa nguo nyeupe, akaketi. Watu wachache wenye moyo walikuja, wakaingia kwa mlango wa uani, wakalia naye kilio cha chini. Mlio kwenye chumba cha nyuma ulikoma. Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi: alasiri zilizopita bila kitu chochote.

Eda ilikuwa karibu kuisha mwanamke mgeni alipoletwa ndani na jirani. Alikuwa na mimba kubwa na furushi la nguo, na mkononi kopo la simsim, ufuta wa kusaga. Aliweka lile kopo mbele ya Mwanawetu, akapiga goti kwa desturi ya kwao.

"Mimi ni Acan," alisema. "Bibi ya Ogwal."

Mwanawetu alimwekea mto. Hakuuliza yuko wapi. Furushi lilikuwa limekwisha kusema.

Waliita majina tena, Acan alieleza, na safari hii walikuwa polisi. Ogwal alikwenda kazini na hakurudi, na mwenzake mmoja alikuja mbio kumwambia ahame kabla nyumba haijachukuliwa. Alikuwa akienda kwao Lango, kama basi litapita vizuizi. Lakini Ogwal alimwachia neno, kwamba jambo likitokea aje kwa mama wa chupa.

"Alirudi kutoka kwako, ile siku ya mvua, akaniambia pika samaki," Acan alisema. "Nikapika. Akakula yote. Akaniambia, yule mama amenidanganya kwa heshima, na mimi nimekula heshima yake."

Mwanawetu akainamisha kichwa.

"Na yeye alikudanganya pia. Aliniambia hiyo. Alisema, kama mimi nimekufa, mwambie ukweli ukitaka, au nyamaza akitaka. Wewe unataka nini, mama?"

Uani jirani alikuwa akitwanga karanga. Mwanawetu alisikiliza mchi mpaka akahisi anaweza kusema. "Sema."

"Alikuwa kwa lori moja na Santo."

Hakulia. Alikuwa amelijua jambo hilo tangu Ogwal alipotazama miguu yake, na miezi yote ile ya eda aliitumia kulizunguka kama mtu anavyozunguka shimo uani mwake. Sasa lilikuwa mbele yake, na halikuwa na kina zaidi ya alivyodhani. Aliinuka, akaenda jikoni, akampakulia Acan matoke na maharage, akamwambia ale, mtoto hangoji. Yule mwanamke akala huku machozi yakidondokea sahani. Alikaa naye nyumbani mpaka eda ikaisha, akilala chumba cha nyuma chini ya zile rafu, na hakulalamika harufu.

Mwanawetu alipotoka eda jambo la kwanza alilofanya ni kumsindikiza Acan kwenye mabasi ya kaskazini. Walifika asubuhi mapema. Askari walikuwa wakikagua mizigo, lakini walipoona lile tumbo na yule mama wa buibui ameshika furushi, wakawaacha. Acan akapata kiti cha dirishani. Akateremsha kioo.

"Mama yake Ogwal ataniuliza," alisema. "Ataniuliza watoto wake wako wapi, wote wawili. Nitasema nini?"

"Mwambie walizikwa."

"Wapi?"

Mwanawetu akasogea karibu na dirisha. Injini iliwashwa, na moshi mweusi ukapita baina yao.

"Mahali pa juu," alisema. "Pana miti. Maji hayafiki. Walilazwa pamoja, na mtu aliwatupia udongo kwa mkono wake."

"Nani?"

"Mwambie ni mume wangu. Mwambie alikuwa mwalimu, mtu wa dini, hakuharakisha."

Acan akayarudia maneno yale polepole, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa lugha yake, midomo ikienda bila sauti. Alikuwa bado anayarudia basi lilipogeuka kuingia barabara kuu. Mwanawetu alisimama pale mpaka vumbi likatua, halafu akashika njia ya kurudi Nakawa kwa miguu. Alikuwa amefika katikati ya soko alipokumbuka kwamba hakuuliza jina la mama yao Ogwal na Santo, na kwamba hata akitaka kumwombea hatajua amtaje nani.